Mbio za Mtu Mmoja, Barabara ya Watu Wengi

Mwaka 2020 mbio za magari za Safari Rally zilikuwa zirejee kwenye mashindano ya dunia, ambako mara ya mwisho zilikuwa 2002. Korona ikavuruga mipango. Septemba mwaka huohuo mchezo wa kompyuta wa WRC 9 ukaingia sokoni, barabara za Safari zikiwemo. Vijana wa Ulaya wakatimua vumbi la Kenya wakiwa sebuleni mwao, huku Naivasha ikingoja hadi Juni 2021 ndipo imwone dereva Sébastien Ogier akitwaa ushindi.

Tangu hapo mambo yamesonga. Mchezo wa EA Sports WRC, uliotoka Novemba 2023, nao una Safari yake, na mwaka uliofuata wenye kompyuta wakaanza kuucheza kwa miwani ya uhalisia pepe. Mpwa wangu alipokuja kunitembelea hapa Mai Mahiu na mitambo yake, nilikaa kando nikamtazama. Kila kona aliinama nayo. Mguu ulikanyaga breki, jasho likamtoka shingoni, na mwisho gari likapinduka korongoni. Akabonyeza kitufe, gari likawa zima tena. Akacheka, akaendelea.

Sina ugomvi na mchezo huo. Unafunza umakini na subira, na kijana asiyeweza hata kuota kununua gari la mashindano anapata kupimana muda na Mfini. Kinachonitia wasiwasi ni upweke wake. Barabara yote ni yako, na mpinzani wako ni saa.

Utaniambia hata kwenye mbio halisi barabara hufungwa. Ni kweli, lakini ndani ya gari wapo wawili. Joginder Singh alishinda Safari mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant kwenye Volvo. Shekhar Mehta alishinda mara 5, na nne kati ya hizo, kuanzia 1979 hadi 1982, aliyemsomea njia alikuwa Mike Doughty. Kwenye mchezo pia ipo sauti inayokuonya kuhusu kona, ila ni ya kurekodiwa. Ukiipuuza ukaanguka, haiumii.

Barabara yetu ina sauti za watu wanaoumia. Panda mteremko huu wa Bonde la Ufa, upite kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa kivita wa Italia waliochonga barabara hii, utajikuta nyuma ya trela linalojikokota kwa gia ya chini. Huoni mbele. Dereva wa trela anaona. Akiwasha indiketa ya kulia, anakuambia tulia, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, pita. Ukishapita unampigia honi fupi ya shukrani, na pengine hamtaonana tena maishani. Hakujui, hana faida yoyote kwa kukusaidia, na neno lake halikuondolei wajibu wa kutazama mwenyewe. Hata hivyo amekufikiria.

Aliyezoea kushindana na saa peke yake hulitazama trela hilo kama kizuizi. Ndivyo pia tunavyoanza kutazamana kazini, shuleni na hata nyumbani: aliye mbele anatuchelewesha, aliye nyuma tumemshinda. Tunasahau kwamba tulipofika, tumefika kwa sababu mtu fulani aliyekuwa mbele yetu alituonyesha kuwa njia ni nyeupe.

Kijana, vaa miwani yako ucheze. Lakini kabla hujakabidhiwa ufunguo wa gari, kaa kiti cha mbele cha matatu inayopanda kutoka hapa na usome taa za malori. Nawe dereva wa miaka mingi, ukipishwa, piga honi ya shukrani. Wapo wanaojifunza kwako.