Nguo za Watoto na Haki ya Kucheka

Mtoto mchafu huchekesha. Akiingia nyumbani na potopoto mpaka masikioni, shati lake limekuwa rangi ya ukuta, naye anatabasamu kama mtu aliyepewa zawadi, nani atazuia kicheko? Lakini twataka kuuliza neno moja: ni nani mwenye haki ya kucheka kwanza?

Twauliza kwa sababu sisi wenyewe tulicheka miaka mingi, tumekaa kitini. Hapa Bukavu mvua huanza mwezi wa Septemba, na tangu hapo mpaka Mei nguo haikauki ila kwa bahati. Mama wa watoto wetu alikuwa akifua, anaanika, anaanua mvua ikija, anaanika tena. Sisi tulimtazama na kutoa maneno ya hekima. Siku moja tulimkuta anapiga pasi vitambaa vya mtoto mchanga, vile vya kumfunga matakoni. Tukamwuliza: “Mama, matako ya mtoto yamealikwa kwa gavana?” Hakucheka. Alitia makala mengine ndani ya pasi, akaendelea.

Asiyejua sababu asikie. Katika nchi yetu ya Kongo kuna inzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu, hasa zile zilizoanikwa kivulini. Funza wake akipata ngozi ya mtu hupenya, akaa ndani na kunenepa kama jipu. Moto wa pasi huua mayai hayo. Basi mama alikuwa akilinda ngozi ya mtoto, na sisi tulikuwa tukipiga maneno.

Halafu alijifungua tena, naye alihitaji kupumzika. Kwa majuma mawili beseni likawa letu.

Tulianza na mashati ya shule. Watoto wa Kongo huvaa shati jeupe na suruali ya bluu. Aliyechagua rangi nyeupe kwa mtoto wa miaka sita, twafikiri hakufua hata siku moja. Utomvu wa ndizi hautoki. Mafuta ya mawese hutoka kwa shida, na hapo tulisimama na sabuni mkononi tukashangaa, kwa kuwa sabuni pia hutengenezwa kwa mawese. Mwaka 1911 Mwingereza William Lever alifanya mapatano na Wabelgiji ili apate mawese ya Kongo kwa viwanda vyake vya sabuni. Ndiyo kusema mafuta yaleyale humchafua mtoto mezani, kisha huja kumsafisha katika beseni. Kazi yote ni ya yule aliye katikati.

Na mifuko! Tulitoa chaki, nusu ya kiazi kitamu, panzi wawili, mmoja wao mzima bado, na jiwe. Jiwe tulilitupa. Mwenye jiwe alililia siku mbili, na hata leo hajatusamehe kabisa.

Robine ilipokauka tulishuka ziwani. Watu husifu Ziwa Kivu kwa kuwa halina mamba. Ni kweli, lakini mwenye mtoto wa miaka mitatu kando ya maji hana haja ya mamba.

Huyo wa miaka mitatu ndiye aliyetufundisha. Siku ya tano jua liliwaka, nguo zote zikakauka kambani. Tuliingia ndani kuwasha makala ya pasi. Tulipotoka, kamba ilikuwa tupu upande mmoja. Mtoto alikuwa amechuchumaa katikati ya lupango, penye dimbwi la mvua ya jana, anasugua shati jeupe katika potopoto kwa nguvu zake zote, ulimi nje, kama alivyotuona sisi. Akainua macho: “Papa, nakusaidia.”

Mkono wetu ulikuwa umekwisha kuinuka. Twakiri hivyo. Twajua sana kwamba hakuna kosa pasipo nia mbaya. Hata watoto wa mafundisho hulijibu swali hilo bila kusita. Lakini mwenye mgongo unaouma husahau mafundisho upesi. Nia ya mtoto ilikuwa njema kuliko yetu, maana sisi tulifua kwa kunung'unika, naye alifua kwa furaha.

Hapo tulisikia kicheko. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mchanga kifuani, anacheka mpaka machozi. Huyu aliyefua miaka sita bila kuchekea maneno yetu hata mara moja! Mkono ukashuka wenyewe. Tukacheka naye, lakini yeye ndiye aliyeanza.

Tukajaza beseni tena. Mtoto alileta sabuni, imejaa mchanga. Wanaume wawili waliopita njiani walisimama kwenye ua, wakatucheka kwa sauti kubwa. Tukawaita: “Karibuni, ndugu, maji yapo.” Mara wakakumbuka kwamba walikuwa na safari.