Mwili Unapocheza, Moyo Unapohofu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Kumb. 29:29, Amu. 6:36–40, 7:2–15, 1 Fal. 19:1–9, Mt. 6:25–34, 2 Kor. 12:7–10, Gal. 6:2.

Fungu la Kukariri: Zaburi 56:3. Darasa lisome fungu hili pamoja katika Biblia, kisha kila mmoja alikariri.

Mtu amelala, nyumba imetulia, na mara msuli wa shavu la mguu unaanza kucheza wenyewe. Kesho yake ni kope, keshokutwa ni kidole gumba, kisha maumivu yanayohama kutoka bega hadi paja. Wazo linaingia: huu ni mwanzo wa maradhi mabaya. Kuanzia hapo wazo humtesa kuliko msuli.

Mara nyingi hali hii haina madhara, lakini mateso yake ni ya kweli. Mwamini hubeba na mzigo wa pili, kwa kuwa hujiuliza kama hofu yake ni dhambi. Somo la juma hili linaonyesha jinsi Mungu alivyowatendea watumishi wake walioogopa, na jinsi mwamini awezavyo kuishi leo hata kabla hajapata hakikisho analolitafuta.

JUMAPILI: Jicho Linapocheza

Soma Kumbukumbu la Torati 29:29 na Mathayo 6:34. Ni mambo gani ambayo Mungu amejiwekea mwenyewe?

Katika pwani ya Waswahili jicho likicheza husikika wakubwa wakisema kuna mgeni njiani, au kuna kilio. Mwadventista wa Unguja atasema yeye haamini hayo. Lakini msuli wake ukicheza, huchukua simu usiku wa manane na kuiuliza kitakachompata. Simu humtajia maradhi kumi. Anasoma, anafumba macho, anasoma tena. Adhana ya alfajiri kutoka misikiti ya Mji Mkongwe humkuta bado yu macho.

Aliyelisikiliza jicho na aliyeiuliza simu wanatafuta kitu kimoja: habari za kesho. Biblia haikatazi mtu kujifunza juu ya mwili wake. Inakataza kuugeuza mwili kuwa ramli.

JUMATATU: Kinachotokea Mwilini

Neva zinazoamrisha misuli zikichoka au zikichokozwa, hurusha ishara ndogo pasipo kuagizwa, na msuli hucheza. Kukosa usingizi, kazi nzito, jasho jingi, baadhi ya dawa na wasiwasi huweza kuleta hali hii. Kafeini pia huchangia. Kwa hiyo kahawa chungu inayonywewa kwa vikombe vidogo pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, ina sehemu yake, na chai ya rangi iliyokolea ya nyumbani vilevile.

Hofu nayo huuweka mwili katika tahadhari. Misuli hukaza na kuuma, usingizi hukimbia, na mtu huanza kujikagua: anaminya paja, anajipima nguvu za vidole, anatazama ulimi kwenye kioo. Kadiri anavyojikagua ndivyo anavyohisi zaidi, na kadiri anavyohisi ndivyo anavyoogopa.

Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 121 waliokuwa wamepimwa na kuonekana kuwa misuli yao inacheza bila ugonjwa. Waliwafuatilia kwa muda wa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa wa neva za misuli ambao watu huuogopa.

Hata hivyo waswahili husema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kiungo kikipoteza nguvu, msuli ukikonda, maneno yakianza kukokoteka, au kumeza kukiwa kugumu, ni wajibu kwenda hospitali mapema. Hata pasipo dalili hizo, mwenye wasiwasi apimwe vizuri na daktari.

Kuna tofauti gani kati ya kuutunza mwili na kuulinda usiku kucha kama mtu anayemngoja mwizi?

JUMANNE: Gideoni na Ngozi ya Kondoo

Soma Waamuzi 6:36–40. Kwa nini Gideoni aliomba ishara ya pili?

Gideoni aliomba umande uwe juu ya ngozi, na ardhi iwe kavu. Ikawa hivyo. Lakini asubuhi hiyo haikumtosha. Akaomba kinyume chake. Mungu hakumkemea, akampa tena. Je, hofu iliisha? Katika Waamuzi 7:10 Bwana bado anamwambia kwamba kama anaogopa, ashuke pamoja na Pura mtumishi wake. Ngozi mbili hazikuiondoa hofu.

Chukua mfano wa mwalimu wa shule ya msingi huko Unguja. Daktari wa Mnazi Mmoja amempima na kumwambia hana ugonjwa. Anatoka akiwa mwepesi. Siku tatu baadaye msuli unacheza tena, naye anajisemea, labda daktari hakuona vizuri. Anavuka bahari kwenda Dar es Salaam kutafuta daktari mwingine. Fedha ya karo ya watoto inapungua, na amani haiongezeki. Kila jibu jema humtuliza kwa muda mfupi kuliko lile la kwanza.

Mungu alimpunguzia Gideoni jeshi kutoka watu 32,000 hadi 300, kisha akamwambia aende. Ushindi ulipatikana njiani. Mwalimu yule hatapewa kipimo kitakachomhakikishia miaka yote iliyobaki. Anaweza kupokea jibu alilopewa, akarudi darasani msuli ukiwa bado unacheza.

JUMATANO: Chini ya Mretemu

Soma 1 Wafalme 19:1–9. Mungu alimpa Eliya nini kabla ya kumwuliza swali lolote?

Eliya alikimbia kwa hofu, akaomba afe. Malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Swali la Mungu lilikuja baadaye sana, kule Horebu.

Mtu aliyechoka hawezi kupima hofu yake sawasawa. Katika *Huduma ya Uponyaji* (1905) Ellen White anataja dawa za asili: hewa safi, jua, kiasi, pumziko, mazoezi, chakula kinachofaa, maji, na kumtumaini Mungu. Kulala mapema, kuiacha simu chumba kingine, na kutembea ufukweni jua linapotua ni mambo madogo, lakini Mungu aliyatumia ya namna hiyo kwa nabii.

Ikiwa hofu inazuia kazi na usingizi kwa majuma mengi, msaada wa wataalamu wa afya ya akili, kama wale wa Kidongo Chekundu, ni sehemu ya huduma hiyohiyo. Mwamini hana sababu ya kuona haya kuupokea.

ALHAMISI: Mwiba na Mzigo

Soma 2 Wakorintho 12:7–10 na Wagalatia 6:2.

Paulo aliomba mara tatu. Mwiba haukuondolewa, lakini neema ilitosha, naye akaendelea na kazi. Hakuna mahali anapohesabiwa kuwa mtu asiye na imani.

Kule Unguja salamu ni ndefu: habari za nyumbani, za kazi, za afya. Majibu yote ni "nzuri" na "salama". Mwenye hofu hujibu hivyohivyo na kuondoka na mzigo wake. Darasa la Shule ya Sabato laweza kuwa mahali ambapo jibu la kweli linapokelewa. Asiambiwe, "Huna imani." Wala asisaidiwe kuutazama mguu wake kila Sabato. Aombewe, kisha akaribishwe kufanya kazi pamoja na wengine.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Maswali ya Kujadili:

1. Je, mtu anaweza kumtumaini Mungu huku mikono yake ikitetemeka? Tumia kisa cha Gideoni kujibu.

2. Ni hakikisho gani unaloendelea kulidai, ingawa jibu ulishapewa?

3. Jirani Mwislamu anakueleza hofu ya namna hii barazani. Utamwambia nini kitakachomsaidia usiku huohuo?