Ujira na Posho: Haki ya Mfanyakazi Katika Kambi za Dadaab

Malipo ya kazi yanakuwa ya haki kwa sababu yamekubaliwa, au kwa sababu yanalingana na kazi yenyewe? Vitabu vya dini na vya uchumi vimelijadili swali hili kwa karne nyingi, na katika kambi za Dadaab, kaunti ya Garissa, linaulizwa kila mwisho wa mwezi.

Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kuwahifadhi watu 90,000 waliokimbia vita vya Somalia. Kufikia ukame wa 2011 idadi ilikaribia nusu milioni. Sehemu kubwa ya kazi za shule na zahanati hufanywa na wakimbizi wenyewe. Wanacholipwa na mashirika ya misaada hakiitwi mshahara, huitwa posho ya motisha. Mwalimu mkimbizi na mwenzake Mkenya hufundisha silabasi ileile, lakini wa kwanza hupokea sehemu ndogo tu ya anachopata wa pili.

Utaratibu huo hutetewa kwa hoja mbili. Ya kwanza ni ya kisheria: kwa miaka mingi mkimbizi hakupata kibali cha kazi kwa urahisi, hivyo hakuweza kuajiriwa rasmi. Ya pili ni kwamba tayari anapewa chakula na matibabu bure. Hii ya pili haisimami, kwa kuwa kwa miaka mingi mgao umepewa anayefanya kazi na asiyefanya. Hauwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya kazi.

Wasomali walio wengi kambini hufuata madhehebu ya Shafii. Katika madhehebu hayo, mkataba wa ijara, yaani wa kukodi au kuajiri, ambao Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) aliueleza katika kitabu chake Minhaj, husihi pale manufaa yanayotolewa na malipo yake yanapojulikana. Mkataba ukibatilika baada ya kazi kufanyika, mfanyakazi hulipwa ujira wa mfano, yaani kiasi wanacholipwa watu wa kazi kama yake. Kwa mizani hiyo posho ni ujira, iitwe vyovyote. Lakini mizani hiyo ina kikomo: aliyeridhia kiasi kilichotajwa amepata haki ya mkataba wake, hata kikiwa kidogo.

Basi ugumu uko kwenye ridhaa. Karl Marx, katika Das Kapital (1867), alisema mfanyakazi wa kibepari yu huru kwa maana mbili: hana mali ya kumwezesha kuishi bila kuajiriwa, na anaweza kumuuzia nguvu zake mwajiri yeyote. Mwalimu wa Dadaab ana uhuru wa kwanza tu. Hawezi kwenda Nairobi kutafuta mwajiri mwingine bila kibali cha kusafiri. Mwenye mkokoteni wa punda siku ya mgao, ingawa ni maskini kuliko yeye, hupatana bei kabla ya kupakia gunia la unga, na bei isipomridhisha husubiri mteja mwingine.

Hata hivyo si kila unyonge wa kambini umeletwa na sheria. Wasomali wenye asili ya Kibantu, ambao wengi ni wazao wa watumwa waliopelekwa Somalia katika karne ya 19 na baadhi yao bado husema Kizigua, kwa muda mrefu wamefanya kazi za sulubu zinazodharauliwa na wengine. Wahunzi wa ukoo wa Tumal nao hudharauliwa kwa nasaba yao, ilhali Kurani inamtaja Nabii Daudi kuwa aliyelainishiwa chuma.

Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika 2022, inatambua haki ya mkimbizi kufanya kazi kulingana na sifa zake. Ikitekelezwa kikamilifu, hoja ya kwanza ya kutetea posho itaondoka. Hata hivyo, haki ya kazi bila ruhusa ya kutembea humwacha mfanyakazi na mwajiri yuleyule. Na ridhaa ya asiyeweza kukataa haitoshi kuuhalalisha ujira.