Bosi Mwenye Nobel

Gordon Moore alikuwa mkemia kijana, mwenye shahada ya uzamivu, akifanya utafiti katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Alipiga hesabu kila neno la makala za maabara hiyo liliigharimu serikali kiasi gani, akajiuliza kama kuna anayenufaika nalo. Akaanza kutafuta kazi ya kiwandani.

Mwaka 1956 akachukuliwa na William Shockley, mmoja wa wanafizikia watatu waliopata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo kwa kazi ya transista (kifaa kidogo cha kukuza, kuwasha na kuzima umeme) waliyoifanya katika maabara ya Bell Labs. Shockley alikuwa amefungua kampuni yake huko Mountain View, California, kwa fedha za mfanyabiashara Arnold Beckman. Wito kama huo nani angeukataa? Mimi ningefunga mizigo usiku uleule, na sidhani kama wewe ungekawia.

Lakini dalili zilikuwepo. Kwanza Shockley aliwaita wenzake wa zamani wa Bell Labs, nao wakakataa. Walishakaa naye. John Bardeen, aliyegawana naye Nobel, alikuwa amehama maabara ile tangu 1951, na Shockley alikuwa sababu mojawapo. Ndipo akageukia vijana kama Moore na Robert Noyce, ambao hawakuwahi kufanya kazi naye. Ndugu zangu, tuliolelewa katika utafiti tunampima mtu kwa makala na tuzo zake. Akishatajwa vitabuni, tunaona haya kuuliza anaishije na wafanyakazi wake, au kampuni yake itauza nini na lini. Tuulize! Na tumuulize aliyeondoka, maana aliyebaki ana mshahara wa kulinda.

Kabla ya kuajiriwa, vijana hao walipimwa na wanasaikolojia. Moore na Noyce wakaambiwa hawafai kuwa mameneja. (Mwaka 1968 wawili hao walianzisha kampuni ya Intel.) Kazini mambo yakazidi. Shockley alibandika ukutani mishahara ya kila mtu. Vijana wakimletea matokeo, aliwapigia simu watu wa Bell Labs kuyahakiki. Katibu alipojikata mkono kwa kipande cha chuma, Shockley alishuku hujuma, akataka wafanyakazi wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo.

Kwangu mimi, dalili nzito kuliko zote ilikuwa bidhaa. Vijana walitaka kutengeneza transista za silikoni. Shockley akang'ang'ania kifaa kingine, daiodi ya tabaka nne, kigumu mno kukitengeneza. Chuoni mtafiti akivutwa na swali jipya, huandika makala nyingine. Kiwandani watu wanalipwa mwezi hadi mwezi huku hakuna cha kuuza.

Vijana walimwendea Beckman, wakaomba Shockley aondolewe kwenye usimamizi. Mwishowe Beckman akabaki upande wa Shockley. Septemba 1957 vijana wanane waliondoka pamoja, Moore na Noyce wakiwemo, wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Mwaka 1960 Beckman aliiuza kampuni ya Shockley, na baadaye Shockley mwenyewe akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Stanford.