Mabweni Yafungwa, Uwanja Wafunguliwa

Agosti 10, 2020, Chuo Kikuu cha North Carolina pale Chapel Hill kilifungua madarasa. Wanafunzi waliingia na shuka mpya, friji ndogo na barakoa za kila rangi, wakaambiwa wakae mbalimbali. Wiki moja baadaye, tarehe 17, uongozi ukatangaza kwamba masomo ya shahada ya kwanza yanahamia mtandaoni, kwa sababu korona ilikuwa imeshaingia mabwenini. Wengi wakafunga mizigo, wazazi wakawafuata na magari yale yale yaliyowaleta. Timu ya futiboli ilibaki. Septemba 12 iliingia uwanjani na kuifunga Syracuse 31 kwa 6.

Kwa msomaji aliye nyumbani, futiboli hii si kandanda yetu. Ni ule mchezo wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, mpira wenye ncha mbili, ambapo vijana 22 wanasimama pua kwa pua, wanagongana, wanaangukiana, wanainuka na kugongana tena. Mtu akikaa chini kubuni njia ya haraka ya kuambukizana ugonjwa wa njia ya hewa, nadhani angefika karibu na hapo.

Naishi Columbus, Ohio, na hapa mchezo huu wa wanafunzi ni mkubwa kuliko michezo mingi ya watu wazima wanaolipwa. Uwanja wa Ohio State unaingiza watu zaidi ya 100,000, wakati Uwanja wetu wa Mkapa kule Dar es Salaam unachukua 60,000. Jumamosi ya mechi mji mzima huvaa nyekundu, hata waliozaliwa Kigoma. Ndiyo maana kiangazi chote cha mwaka ule swali lilikuwa moja tu, redioni, kinyozini na kwenye foleni ya supamaketi: msimu utakuwepo au hautakuwepo? Watu waliuliza kama wanavyouliza iwapo mvua itanyesha, kana kwamba jibu lilikuwa juu mawinguni na kazi yetu ni kusubiri.

Jibu lilitoka kwa watu, nao walijibu kila mmoja kivyake. Ligi ya Ivy, ya kina Harvard na Yale, ilifuta michezo ya vuli Julai 8. Agosti 5 vyuo vya daraja la pili na la tatu vikaambiwa mashindano yao ya kitaifa hayapo. Agosti 11 Big Ten, ligi ya Ohio State na Michigan, ikaahirisha msimu, na siku hiyo hiyo Pac-12 ya pwani ya magharibi ikafuata. SEC, ACC na Big 12 zikasema sisi tunacheza. Kirusi kilikuwa kile kile kwa wote.

Itazame orodha hiyo vizuri. Waliojitoa mapema walikuwa matajiri sana na maskini sana. Harvard haiishi kwa futiboli, ina akiba ya mabilioni ya dola. Chuo kidogo cha mji wa mashambani nacho hakina televisheni ya kukilipa wala fedha ya kupima wachezaji kila mara. Waliohangaika, wakaahirisha, wakageuka, ni wale ambao futiboli ndiyo inayolipa kila kitu kingine: timu ya kuogelea, timu ya tenisi, mishahara ya makocha na deni la uwanja. Siku 10 baada ya Big Ten kuahirisha, Chuo Kikuu cha Iowa kilitangaza kufuta timu nne, na waogeleaji walikuwa miongoni mwa waliopoteza. Kwa hiyo sitaki kusema ulikuwa uroho mtupu. Kulikuwa na watu ambao kazi zao zilitegemea Jumamosi zile, kuanzia wauza soseji hadi wasafisha hoteli.

Ila mtu akitaka kujua uzito ulikuwa upande gani, amkumbuke kocha wa Oklahoma State, Mike Gundy. Aprili 2020, nchi ikiwa imefungwa, alisema waziwazi kwamba wachezaji warudi kwa sababu jimbo linahitaji fedha izunguke, na akaeleza kuwa wao ni vijana wenye afya wanaoweza kupambana na ugonjwa. Alikuja kuomba radhi. Mimi nilimwona kuwa mkweli kuliko wenzake. Wakati ule kocha wa Alabama, Nick Saban, alikuwa analipwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Mchezaji wake alipata ada, chumba, chakula na posho, na kanuni zilimkataza hata kuuza jina lake mwenyewe kwa tangazo la duka la viatu.

Wachezaji wenyewe walisemaje? Walisema mengi, na kwa mpangilio mzuri kuliko wakubwa wao. Agosti 2 kundi la wachezaji wa Pac-12 lilitoa waraka likidai kinga za afya zinazosimamiwa na watu wasio waajiri wa makocha, pamoja na nusu ya mapato. Wiki moja baadaye, usiku wa Agosti 9, wengine wakiongozwa na majina makubwa kama Trevor Lawrence wa Clemson na Justin Fields wa Ohio State wakaja na kaulimbiu ya “tunataka kucheza”. Kabla ya kukucha makundi hayo mawili yalikuwa yameshaongea na kutoa tamko moja. Walitaka kucheza, ndiyo. Walitaka pia kanuni moja ya afya kwa ligi zote, haki ya kujitoa bila kuadhibiwa, na hatimaye chama chao cha wachezaji.

Kilichofuata kilinikera, na bado kinanikera. Nchi nzima ilishika sentensi ya kwanza na kuziacha zilizobaki. Wanasiasa waliisambaza kaulimbiu. Wazazi walikwenda hadi ofisi za Big Ten karibu na Chicago wakitaka waelezwe. Ombi la Fields la kurudisha msimu lilikusanya saini zaidi ya 300,000. Septemba 1 Rais Trump alimpigia simu kamishna wa ligi, Kevin Warren. Septemba 16 Big Ten ikageuka, wiki moja baadaye Pac-12 nayo ikageuka. Na chama cha wachezaji? Hakuna rais aliyepiga simu kuhusu chama.

Lawrence alitoa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema msimu ukifutwa wachezaji watarudishwa makwao, na wengi wao huko hatari ni kubwa zaidi, na gharama za matibabu zitaziangukia familia zao. Ni kweli. Kwa kijana aliyetoka kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye watu saba, kambi ya timu ilikuwa mahali penye daktari, chakula na kipimo. Lakini hoja hiyo inaishtaki nchi kuliko inavyoutetea msimu. Kijana wa miaka 20 analazimika kugongana na watu wa kilo 140 ili apate daktari wakati wa janga!

Mtaani kwetu kuna familia kutoka Bukavu. Kijana wao alikuwa anacheza futiboli kwenye chuo kimoja kidogo hapa Ohio, cha daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo wala kamera za maana. Msimu wake ulifutwa mapema. Vuli ile nilikuwa namwona kila alfajiri akipanda na kushuka ngazi za maegesho ya magari akiwa na mkoba mgongoni, ndani kaweka mifuko miwili ya mchele. Zipu ya mkoba ilikuwa imekwisha, kaufunga kwa kamba za viatu. Nilimuuliza, wangekuita leo ungekwenda? Akacheka. “Anko, hata sasa hivi.” Ugonjwa je? Akanionyesha kifua chake kama jibu.

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sare ya ghala, anasubiri gari la kazini. Alifanya kazi ya kufunga mizigo mwaka mzima ule, hakukosa. “Afazali akae hapa nimuone,” alisema. Halafu nilipomweleza kwamba wachezaji wa Ohio State sasa wanapimwa kila siku, akanitazama kwa muda. “Miye naendaka kazi kila siku. Ni nani ananipimaka?”

Sikuwa na la kumjibu mama huyo. Big Ten ilianza kupima wachezaji kila siku mwishoni mwa Septemba, na aliyekutwa na maambukizi alikaa nje ya mechi si chini ya siku 21, moyo ukachunguzwa. Tahadhari nzuri, na ilikuwa na sababu: madaktari wa Ohio State yenyewe walikuwa wamechunguza wanamichezo 26 waliopona korona na kukuta dalili za uvimbe wa misuli ya moyo kwa wanne. Uchunguzi mkubwa wa baadaye katika vyuo vya Big Ten ulituliza hofu kidogo, 37 kati ya 1,597. Nafurahi kwamba walipimwa. Ila uwezo huo ulipatikana kwa sababu kulikuwa na mechi za kuuza. Walimu, wapishi wa kantini na madereva wa mabasi ya chuo hawakuwa na mechi.

Kuhusu msimu wenyewe, ulikwenda kwa kuchechemea. Mechi zaidi ya 100 ziliahirishwa au kufutwa. Saban alipata korona akaikosa mechi na Auburn, Lawrence aliikosa ile ya Notre Dame, na Notre Dame iliposhinda mashabiki wakamiminika uwanjani kukumbatiana. Kocha wa Florida, Dan Mullen, alitaka uwanja wake ujazwe watu 90,000. Siku chache baadaye timu yake ikapatwa na mlipuko na yeye mwenyewe akaugua. Ohio State na Michigan hawakukutana kwa mara ya kwanza tangu 1917. Novemba 28 Vanderbilt ilikosa wapigaji mpira kwa sababu walikuwa karantini, ikamwazima golikipa wa timu ya soka ya wanawake, Sarah Fuller, naye akawa mwanamke wa kwanza kucheza mechi ya futiboli katika ligi tano kubwa za vyuo. Nadhani hilo ndilo jambo pekee la vuli ile ninalolikumbuka kwa furaha kamili. Vanderbilt walifungwa 41 kwa 0, lakini nani anajali.

Fainali ilichezwa Januari 11, 2021, karibu na Miami, mbele ya watu 14,926. Alabama 52, Ohio State 24. Niliitazama yote, nikiwa na shati jekundu. Usiku ule mitaa ya Tuscaloosa, mji wa chuo cha Alabama, ilijaa vijana wanaoshangilia bega kwa bega, na Marekani ilikuwa imeshazika watu zaidi ya 350,000.

Kwetu Afrika Mashariki nako swali la mpira lilijibiwa kwa sauti mbili. Kenya ilimaliza ligi yake mezani na kumpa Gor Mahia ubingwa. Tanzania ilirudi uwanjani Juni na Simba wakachukua kombe. Tulibishana sana nani alikuwa sahihi. Lakini angalau tulikuwa tunabishana kuhusu wachezaji wenye mikataba, wanaojulikana ni waajiriwa wa nani (mishahara inayochelewa ni mada ya siku nyingine). Wale wa Marekani walikuwa wanafunzi pale ilipohusu malipo, na hawakuwa wanafunzi pale mabweni yalipofungwa.

Hukumu yangu ni hii. Msimu uliwezekana, kwa sababu ulichezwa. Haukupaswa kuanza kabla ya wenye miili kukaa mezani wakiwa na mkataba, bima na haki ya kusema hapana. Hilo halikuhitaji chanjo wala utafiti. Lilihitaji wiki mbili za mazungumzo, na tamko lao la Agosti lilikuwa limeshaandaa ajenda.

Baadaye sheria ililegea. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, pamoja na dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza tangu 2016. Sehemu kubwa ya fidia hiyo ni ya majina na picha zao. Vuli ya 2020 haina fungu lake.

Vijana wetu nao wanakuja huku. Kenya imeleta wakimbiaji wengi, na Edward Cheserek peke yake alitwaa mataji 17 ya kitaifa akiwa Chuo Kikuu cha Oregon. Kila mwaka kuna mzazi Eldoret, Arusha au Goma anayewekewa karatasi ya ufadhili mezani na anayeulizwa kama amefurahi. Mzazi mwenzangu, furahi, lakini kabla ya kutia saini uliza mambo mawili na udai yaandikwe: mwanangu akiumia au akiugua kwenu, nani atamtibu, na kwa muda gani baada ya yeye kuacha kuwachezea?