Elimu ya Mawe na Imani ya Kijana

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), mzazi mmoja wa Mombasa ametuuliza kama yafaa mwanawe aende Chuo Kikuu kusoma elimu ya miamba. Amesikia ya kwamba elimu hiyo yafundisha kuwa umri wa ardhi ni mamilioni ya miaka, na kwa hivyo yamtoa mtu katika dini. Kijana ameambiwa angoje jawabu letu.

Twajibu kwa tuliyoyaona. Mwezi uliopita tulikuwa wageni wa ndugu zetu Waislamu wa Kericho, nao wakatupandisha Mlima Londiani, ambao kilele chake chakaribia mita 3,000 juu ya bahari. (Sisi watu wa pwani hatukuzoea kupanda, tulipumzika mara nyingi.) Mlima ule zamani ulikuwa ukitapika moto, kisha ukazimika. Magharibi yake uko Tinderet, mkongwe zaidi, ulioanza kulipuka kiasi cha miaka milioni 20 iliyopita. Majivu yake ndiyo yaliyofunika na kuhifadhi mifupa ya wanyama wa kale iliyochimbuliwa Koru na Songhor.

Jiwe la nchi ya Kericho na Bomet kwa sehemu kubwa ni fonolaiti, jina la Kiyunani lenye maana ya jiwe la sauti, kwa kuwa kipande chake chembamba kikigongwa hulia. Ndani ni jeusi-jeusi. Likipigwa na mvua na joto kwa dahari nyingi huoza likawa udongo, na chuma kilichomo hushika kutu. Ndio wekundu ule. Mvua hiyo hiyo huosha chokaa, ukabaki uchachu ambao mimea mingi yauchukia na mchai waupenda. Ndipo mashamba makubwa ya chai yakafunguliwa huko katika miaka ya 1920. Basi, ndugu msomaji, kikombe unywacho baada ya sala ya Alfajiri, katika nyumba ya mawe yaliyojengwa na wadudu wa baharini, asili yake ni moto.

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Ghashiya ametuhimiza tutazame milima ilivyosimamishwa. Na katika Sura ya Fatir ametaja rangi zake, nyeupe na nyekundu na nyeusi, kisha papo hapo akawataja wanavyuoni kuwa ndio wamchao. Vipi basi mwenye kutazama awe ametenda dhambi? Ama siku sita za kuumbwa mbingu na ardhi, Sura ya Al-Hajj yatueleza ya kwamba siku kwa Mola si kama siku za hesabu yetu. Wala hakuna aya itajayo umri wa ardhi. Ile hesabu ya miaka elfu sita au saba yatoka katika visa vya Mayahudi na Wakristo, na baadhi ya masheikh wetu waliipokea bila ya kuuliza imetoka wapi.

Wako na wa upande wa pili, wadaio kuwa kila uvumbuzi wa Wazungu umekwisha tajwa katika Kurani. Hao nao twawaonya. Maneno ya wataalamu hubadilika; ukiifunga aya kwayo leo, kesho utaifungua kwa aibu.

Limtoalo mtu katika dini twalijua, nalo halisomeshwi Chuo Kikuu: ni kufukiza ubani na kumwaga marashi pangoni, na kuuomba mzimu wa jiwe mtoto au riziki. Ajuaye jiwe limetoka wapi ataliomba nini?

Mzazi na amwache kijana aende. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke wa moto wa chini ya ardhi watoa umeme tangu mwaka 1981, na taa za misikiti yetu zawaka kwa sehemu ya umeme huo. Wanaotafuta pa kuchimba ni waliosoma miamba, nasi twataka miongoni mwao wawemo wasimamishao sala. Na ikiwa kizuizi chengine ni karo, mzazi na atujie darasani baada ya Isha tulizungumze.