Nyama Iliyoliwa na Samaki

Mtu akizama baharini akaliwa na samaki, na samaki yule akavuliwa na kuliwa na mtu mwingine, siku ya kufufuliwa nyama ile itakuwa ya nani? Msidhani ni swali la kijiweni. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha mwisho cha Mji wa Mungu, alijibu mkasa unaofanana na huu, wa mtu aliyeliwa na mwenye njaa: nyama itarudishwa kwa yule ambaye ndani yake ilikuwa nyama ya binadamu kwanza, kwani aliyeila baadaye alikuwa ameikopa tu. Imamu Ghazali, katika Tahafut al-Falasifa, aliieleza hoja ya wapinzani wa ufufuo wa miili kwa upana zaidi. Udongo wa nchi zilizokaliwa ni miili iliyooza. Juu yake watu hulima, mimea huliwa na wanyama, nasi tunawala wanyama hao. Lakini hakutafuta mwenye nyama. Alisema mtu ni mtu kwa nafsi yake, na kwamba viungo vyenyewe hubadilika kwa chakula tangu utotoni hadi uzeeni. Kwa tunayoyajua leo juu ya kaboni, naona Ghazali ndiye aliyeshika njia, na deni la Augustino halilipiki.

Takriban asilimia 18 ya uzito wa mwili ni kaboni. Mwenye kilo 70 anayo kama kilo 12 na nusu. Karibu yote iliwahi kuwa hewa ukaa, ikanaswa na jani au mwani kwa nguvu ya jua, ikapanda mlolongo wa chakula hadi mezani. Na haikai. Mtu mzima hutoa puani karibu kilo moja ya hewa ukaa kwa siku, ambayo ndani yake mna zaidi ya robo kilo ya kaboni. Kwa hiyo, katika muda usiofika miezi miwili, kaboni inayopita mwilini hulingana kwa uzito na yote iliyomo. Nyingi huchomwa kama kuni bila kuwa nyama, ni kweli, lakini nyama nayo hubomolewa na kujengwa upya bila kukoma. Aliyeishi miaka 80 amekuwa na nyama ya kutosha miili kadhaa. Sasa afufuke na ipi? Kumbe mgogoro ulikuwepo tangu mtu yu hai, kabla samaki hajatokea.

Tazama ukuta wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Matumbawe yake yalijengwa na wanyama wadogo wa baharini kwa kaboni iliyoyeyuka majini. Chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa tanurini hadi kaboni ikatoka na kupaa. Plasta ikishapakwa, huwa ngumu kwa kuinyonya hewa ukaa upya na kugeuka jiwe kwa mara ya pili. Hewa hiyo ni mchanganyiko wa pumzi za watu, moshi wa majiko, majani yaliyooza na gesi za volkano. Hakuna awezaye kusema chembe ipi ilitoka kwa nani, na kwa kanuni za fizikia swali hilo halina hata maana, maana atomi mbili za kaboni za aina moja hazina alama ya kuzitofautisha. Augustino alihitaji daftari la wadeni. Maumbile hayaweki daftari.

Mpinzani makini atataja meno. Enameli ya jino ikishaundwa utotoni haijengwi upya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia yaliyofanyika hewani yalikaribia kuongeza kaboni-14 ya angani maradufu kufikia miaka ya 1960, na mwaka 2005 watafiti wa Stockholm walionyesha kwamba kiasi cha kaboni hiyo ndani ya enameli kinaweza kutumika kukadiria mwaka wa kuzaliwa kwa mwenye jino. Basi ipo kaboni inayodumu na mtu maisha yake yote. Waislamu watakumbuka pia hadithi ya mfupa wa kifandugu, ambao kutokana nao mtu ataundwa tena. Sawa, lakini kibogoyo hajapungua utu. Na hadithi yenyewe inazungumzia kianzio cha kuumbwa upya, haidai kila chembe irudi kwa mwenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: ikiwa chembe zenyewe si kitu, na kilicho muhimu ni mpangilio wake, Muumba angeweza kuunda wawili wenye mpangilio uleule. Yupi ndiye marehemu? Hapa nakiri kemia haina la kusema. Mpangilio peke yake hautoshi. Lazima kiwepo kinachoendelea, na Ghazali alikiita nafsi. Mwenye kukikubali anakikubali kwa hoja nyingine au kwa imani, wala asidai kwamba kaboni imemthibitishia.

Lakini vivyo hivyo, anayetaka kuukana ufufuo atafute silaha nyingine. Hoja ya nyama iliyoliwa na samaki ilitegemea dhana kwamba nyama ilikuwa na mwenyewe, na dhana hiyo imeanguka.